Ngazi ya Sebuleni

Bibi alitamani kwenda visiwa vya mbali kuwaona ndege wa baharini wakilea makinda, lakini binti yake alikataa walipokuwa wakila chakula cha jioni.

"Mama, kwa goti hilo utapandaje boti? Wenzako watafika kisiwani, wewe bado unaning'inia ubavuni kama nguo ya kuanikwa!"

Bibi alicheka, ila moyoni alinywea.

Mkwewe, seremala asiye na maneno mengi, aliendelea kula. Kesho yake alimpigia simu nahodha wa boti ya visiwani, akauliza kimo cha ngazi yake, akaunda ya mbao inayolingana nayo na kuifunga kwenye meza ya sebuleni.

"Mama, tujizoeze," alisema, akimshika kiwiko.

Kila jioni walijizoeza, mpaka siku Bibi alipomwambia amwachie. Alipanda polepole, goti likinung'unika, akasimama juu ya meza. Akaweka darubini machoni, akachungulia dirishani.

"Haya, unaona nini?" binti aliuliza, mikono kiunoni.

"Ndege wa kwanza ni kuku wa jirani. Anachakura bustani yako."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda kumtafutia mama yake begi la safari.