Kabasha Haiongezi Wala Haipunguzi

Mimi si mtu wa kukaa kitako. Wateja wangu wa Kimemi mjini Butembo, ninakouza viatu vya mitumba, wananijua: nampimisha mtu kiatu huku nimesimama, nazunguka, natoka nje kuangalia njia, narudi. Sasa niambie, ni akili gani ya kumchukua mtu wa namna hiyo, kumpandisha mlima wa Kabasha, kumweka mbele ya radio yenye mikrofoni ya kamba fupi kama mkia wa mbuzi, na kumwambia asitoke hapo mpaka baiskeli ya mwisho ipite?

Akili hiyo ilikuwa ya baba yangu, mzee Siméon. Yeye alitumika miaka na miaka kwenye fonia ya kanisa, radio ya kuongea na watu wa mbali, wakati simu za mkononi hazijafika kwetu, na wafanyabiashara na wachungaji walikuwa wanapanga foleni kwake ili neno lao lifike ng'ambo. Alipostaafu akaanzisha chama kidogo cha wapenda radio. Mwaka huu vijana wa Butembo walipoandaa safari ya baiskeli mpaka Beni, kuchangia masomo ya watoto waliokimbia vita upande wa Eringeti, chama chetu kikajitolea kulinda njia kwa masikio. Kati ya Maboya na Kabasha simu inashika ikitaka, na siku unayoihitaji haitaki.

Shida ni milima. Radio ya Butembo haisikii Beni, na ya Beni haisikii Butembo. Kabasha peke yake inasikia pande zote mbili. Kwa hiyo mtu wa Kabasha anapokea neno huku na kulisema tena kule, jinsi lilivyo. Baba alinifundisha sheria hiyo tangu nikiwa mtoto, nimekaa chini ya meza yake ya fonia: mwenye kupitisha neno haongezi wala hapunguzi. Mtu akituma salamu, unatuma salamu. Akitukana, unatukana. Mjumbe hauawi, alisema, ila mjumbe anayechagua maneno anaua wengine.

Butembo alikaa baba mwenyewe. Na Beni kulikuwa nani? Kaka yangu Paulin. Hapo ndipo palipo na miiba, maana baba na Paulin hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mama.

Mama alifariki Butembo. Paulin alikuwa Beni, anakotengeneza radio na simu za watu, na juma lile watu walikuwa wameuawa njiani, kizuizi kimefungwa, hapiti mtu. Tulimngojea mpaka mwili haukungoja tena. Tukazika. Kizuizi kilipofunguliwa Paulin akafika na vumbi lake lote, akanyoosha mkono kwa baba mbele ya waombolezaji, na baba akauacha mkono ule hewani. "Mutoto mwenye kupenda mama yake anapita ata mu pori," alisema. Paulin akageuza siku ileile. Tangu hapo mimi ndiye ninayebeba sahani za Noeli kutoka nyumba moja mpaka nyingine, na kila mmoja ananiuliza habari za mwenzake kwa kusema "ule mutu."

Kitu kimoja tu waliendelea kuwa nacho pamoja: Abigaïl, binti wa kwanza wa Paulin. Anasoma Butembo na anakaa kwa babu yake. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye baiskeli ambayo babu aliipaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe, mgongoni ana namba trente et un, yaani thelathini na moja.

"Kabasha, Kabasha, huku Butembo," baba akaanza, kwa sauti yake ya zamani ya fonia. "Ambia Beni: ma-velo yote imetoka. À vous."

Nikapitisha baiskeli zake na à vous yake, yaani neno limekwisha, zamu yako. Paulin akajibu kwamba neno limefika: "Bien reçu. Uliza Butembo kama trente et un ametoka naye."

"Ambia Beni trente et un iko na nguvu. Amekunywa bouillie, amemaliza kikombe."

Hakuna namba nyingine iliyotangaziwa uji wake siku hiyo. Baadaye kidogo Paulin akataka kujua kama trente et un amevaa kofia. Baba akajibu kwamba amevaa, na tena Butembo si bajinga. Nikapitisha na "si bajinga" yake. Paulin akasema bien reçu kwa sauti kavu. Nilicheka peke yangu pale mlimani, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na hasira ndani. Watu wazima wawili, wote wanampenda mtoto mmoja, na hawawezi kutamka hata jina lake.

Waendesha baiskeli wakaanza kufika, midomo wazi kwa ule mlima. Nikawasoma namba mmoja mmoja. Sikuweza kukaa. Nilisimama, kamba ikanivuta, nikakaa, nikasimama tena. Sajini wa kizuizi cha askari kilichokuwa karibu nami, aliyekuwa ananiangalia tangu asubuhi, akachoka na mimi. "Mama, vanda!" akasema kwa Kilingala chake. Nikamwambia akae yeye.

Hapo ndipo tuliposikia milio ya risasi. Ilitoka bondeni, upande wa Maboya, michache, halafu mingi. Askari wakashusha mti wa kizuizi, wakawasukuma vijana wote nyuma ya ukuta wa kanisa. Wauza ndizi walikuwa wameshatoweka na mabeseni yao. Mpaka leo sijui nani alikuwa anampiga nani.

Nikawahesabu vijana, nikarudia. Walipungua wawili: trente et un na rafiki yake Kitsa, binti mnene mwenye kucheka sana ambaye Abigaïl alikuwa amekataa kumwacha nyuma.

Nilijipa moyo kwamba Jephté atakuja nao. Jephté alikuwa mtu wetu wa pikipiki, moto kama tunavyoiita, mwenye radio ndogo ya mkononi, na kazi yake ilikuwa kufuata nyuma ya wote, asimpite mtu. Akatokea kwenye kona, mbio, peke yake.

"Na batoto?" nikamuuliza.

"Batoto gani? Nyuma yangu hakuna mutu, Mama Séphora. Njia yote iko nyeupe."

Ikiwa aliyefuata nyuma hakuwaona, basi walikuwa wametoka njiani, na katika nchi yetu mtu hatoki njiani wakati wa risasi kwa kupenda. Jephté aliona uso wangu. Akageuza pikipiki kabla sajini hajamaliza kumkataza, akashuka tena kule alikotoka.

Nilitamani kumfuata kwa miguu. Nilitamani kutupa ile mikrofoni, kupiga kelele, kumrukia sajini, chochote cha kufanya na mwili huu. Lakini nikitoka, Butembo na Beni hawasikilizani tena, na kati yao kuna vijana wengi wenye wazazi. Nikabonyeza kitufe.

"Butembo, Beni, huku Kabasha. Masasi imelia upande wa Maboya. Batu yote imefika, isipokuwa babili. Trente et un hajafika."

Sauti yangu wote wawili waliisikia kwa mara moja. Wa kwanza kujibu alikuwa Paulin.

"Niko nakuja. Sasa hii, na moto. Ambia Butembo."

"Butembo, Beni anasema: niko nakuja, sasa hii, na moto."

"Hapana!" Baba alipiga kelele mpaka kipaza sauti kikakwaruza. "Hapana, hapana! Asikuje! Njia imefungwa, batamuua bure! Ambia mutoto wangu asikuje!"

Nikapitisha. Hapana zote tatu, na kelele yake, na "mutoto wangu" yake. Sajini akageuka kunitazama.

Halafu radio ikanyamaza. Sijui kama umewahi kusikia kimya cha radio, kinavuma. Katika mvumo ule sisi watatu tulikuwa tunasikiliza neno moja lililokwisha kusemwa, na hakuna wa kulirudisha. Baba alikuwa amemkataza Paulin kupita njia ileile, iliyofungwa vilevile, ambayo alimhukumu kwa kutoipita.

"Kabasha," Paulin akasema mwishowe, taratibu. "Uliza Butembo..." Nikamsikia anapumua. "Acha. Nabakia."

"Butembo, Beni anasema: uliza Butembo. Halafu anasema: acha, nabakia."

Tukangoja. Nilikuwa nazunguka kile kiti kama nilivyoweza, kamba ikinishika mkono, namwomba Mungu kwa maneno yasiyo na adabu. Nilikuwa namwona Abigaïl kila mahali: kwenye mtaro, kwenye migomba, akiburutwa. Nilikuwa na hasira na waliopanga safari, na wenye bunduki, na baba kwa kupaka mafuta baiskeli ile, na mimi mwenyewe niliyemwambia binti huyo kwamba baiskeli inampendeza.

"Kabasha." Ilikuwa sauti ya baba, lakini si ile ya fonia. Ilikuwa ya mzee. "Ambia Paulin."

Sikuwa nimesikia jina hilo kinywani mwake tangu makaburini.

"Ambia Paulin, ile siku ya mama yake, njia ilikuwa imefungwa kama leo. Na mimi nilijua. Angekuja, ningezika batu babili. Nilimukasirikia yeye juu sikukuwa na mwingine wa kukasirikia. À vous."

Nikainua mikrofoni, na kabla sijabonyeza, ile radio ndogo ya Jephté ikaingia kwa nguvu.

"Kabasha! Kabasha! Nimebapata! Bote babili, bazima!"

Sheria nyingine ya baba: habari ya uhai inapita mbele ya habari zote. Nikaitangaza pande zote mbili huku nalia waziwazi, na sajini naye anapiga makofi. Ilikuwa hivi: milio ilipoanza, mama mmoja aliyekuwa anavuna maharagi pembeni aliwaita wale mabinti, akawaingiza jikoni kwake pamoja na baiskeli zao, akafunga mlango. Jephté alipopita mara ya kwanza walisikia pikipiki, lakini mama akawaziba vinywa, kwa sababu si kila pikipiki ni ya mtu mzuri. Mara ya pili Jephté alikuwa anaita majina yao, ndiyo wakafunguliwa.

"Tante," Abigaïl akaniita mimi shangazi yake kwenye radio ya Jephté, mdomo umejaa. "Tuko bazima. Huyu mama anakataa tutoke mbele ya kumaliza viazi."

Nikapitisha na viazi. Paulin akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyekuwa anakufa. Akasema asante kwa Jephté, asante kwa yule mama, asante kwa Mungu, asante kwa Kabasha. Kwa Butembo hakusema kitu, lakini hakuwa na la kujibu bado. Neno la baba lilikuwa bado mkononi mwangu.

"Kabasha, huku Butembo." Baba alikuwa amekohoa, amejikung'uta, amerudi kwenye sauti yake ya kazi. "Ile neno ya mbele, umeisha kuituma?"

"Bado, Papa."

"Basi acha. Mutoto amepatikana. Haina kazi tena."

Nikaangalia ile mikrofoni. Nikakumbuka sahani za Noeli, zimepoa kila mwaka njiani. Nikakumbuka "ule mutu." Hasira iliyonipanda ilinifanya nitulie kabisa, mimi ambaye sijawahi kutulia, na kwa mara ya kwanza siku ile nikakaa vizuri kwenye kiti. Baba alikuwa amesema neno, kwa jina la mtu, akamaliza kwa à vous. Neno lililomalizika hivyo si lake tena. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Beni, huku Kabasha. Niko na neno ya Butembo, ilichelewa."

"Séphora!" baba akaita. Nikabonyeza kitufe juu ya sauti yake.

"Butembo anasema: Ambia Paulin, ile siku ya mama yake, njia ilikuwa imefungwa kama leo. Na mimi nilijua. Angekuja, ningezika batu babili. Nilimukasirikia yeye juu sikukuwa na mwingine wa kukasirikia." Nikavuta pumzi. "Nyuma yake anasema: acha, haina kazi tena. Mwisho ya neno. Beni, umepokea?"

Nyuma ya ukuta wa kanisa vijana walikuwa wameanza kuimba, kwa kuwa walisikia wenzao ni wazima.

"Bien reçu," Paulin akasema. Kisha akasahau kidole chake kwenye kitufe, au hakusahau, na nikasikia kila kitu: kiti kinasogea, pua, na kilio cha mwanamume aliyekuwa amekizuia tangu makaburini. Kiliendelea. Sikukikatiza.

Kidole kilipotoka, baba alikuwa ananiita, bila sauti ya fonia, bila à vous. Milima ilikuwa imemzuia kusikia hata chembe.

"Kabasha? Séphora, mwanangu. Beni anasema nini?"

"Anasema bien reçu," nikamjibu. "Na iko analia, Papa."