Philemon Hajanyolewa

Kila Jumatatu jioni Philemon Osundwa aliegesha gari la kampuni nyuma ya hoteli ya Mgeni Njoo mjini Kakamega, akapanda chumbani kukuta sabuni ndogo kama peremende na taulo iliyokunjwa kama sambusa. Hoteli za Mgeni Njoo ziko pia Bungoma na Kitale, na zote zina kitanda kilekile, pazia lilelile la kahawia na picha ileile ya twiga. Mtu akiamka humo, mpaka achungulie dirishani ndipo ajue yuko mji gani. Philemon alizipenda kwa sababu hiyo. Aliuza mbegu za mahindi, na muuza mbegu hajali yuko wapi, mradi mvua iko njiani.

Jumatatu moja ya Machi, Mitchel wa mapokezi alimwambia, "Mama yako yuko chumbani. Amefika mapema, nikamfungulia."

"Mama yangu tulimzika Januari."

"Ndiyo, ameniambia. Lakini umwombe apanguse miguu. Udongo wa kwenu Navakholo hautoki kwa vigae."

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni jeupe alilozikwa nalo, akibonyeza godoro kwa kiganja.

"Zuri," alisema. "Mimi nimelalia nyasi miaka yote. Nilipokufa ndipo mkaninunulia sanduku lenye sponji."

"Mama, umefuata nini huku?"

"Kichwa chako."

Kwao, mtu akishazikwa, huwekwa siku ya kunyoa. Watoto wa marehemu huketi nyasini mbele ya watu, wakanyolewa kwa wembe, akianza kifungua mimba, na matanga yakaisha. Kabla ya hapo hakuna jembe linaloinuliwa katika shamba la marehemu. Philemon ndiye kifungua mimba. Aliondoka kaburini udongo ukiwa bado mbichi, kwa sababu kulikuwa na mkutano wa mauzo, na tangu siku hiyo hakurudi. Dada yake Ayuma, mjane, alibaki na nywele zake, na watoto wake, na shamba ambalo hakuruhusiwa kuligusa.

"Hapa na nyumbani ni mwendo wa pikipiki," mama alisema. "Kwa nini unalalanga kwa watu?"

"Nina ripoti ya kutuma, mama. Nitakuja kesho."

"Hiyo kesho uliniambianga nikiwa mgonjwa. Niliingoja mpaka nikachoka nikafa."

Kesho yake Philemon alikwenda kwa kinyozi wa mtaa wa Amalemba, akanyolewa kwa mashine, akarudi kichwa kinang'aa kama sufuria ya harusi.

"Nani amekunyoa?" mama aliuliza.

"Kinyozi, mama. Nywele si ni nywele?"

"Na huyo kinyozi, alinililia?"

Kufikia chakula cha jioni nywele zilikuwa zimerudi, nyingi kuliko za kwanza, pamoja na mvi ambazo alikuwa akizipaka rangi. Rosebella wa usafi alifagia zilizomwagika sakafuni, akamwomba tu asifutie rangi kwenye taulo za hoteli.

Wiki iliyofuata Philemon alihamishia safari yake Kitale. Alifungua mlango akamkuta mama chini ya picha ya twiga, anakwangua kijisabuni kwa ukucha.

"Umefikaje?"

"Vyumba vikifanana hivi, maiti halipi nauli."

Mvua ilipokaribia alikwenda Shianda kuwahutubia wakulima. Aliwaambia kwamba anayechelewa kupanda huvuna majani, nao wakampigia makofi. Alirudi Kakamega jioni, na Ayuma akapiga simu.

"Philemon, wenzangu wamepanda wote. Nikuletee wembe hapo hotelini?"

"Haifai, Ayuma. Lazima iwe nyumbani, mbele ya watu. Mila ni mila."

"Si basi ukuje!"

"Wiki ijayo."

"Na hawa watoto, nao nitawaambia wale wiki ijayo?"

Mama alinyoosha mkono, Philemon akampa simu. "Panda, mwanangu," mama alisema. "Panda, nimekuruhusu mimi mwenyewe." Lakini sauti ya marehemu haishiki mtandao. Ayuma alisema halo, halo, kisha akakata.

Meneja, Bwana Erastus, hakutaka kumpoteza mteja wa kila wiki. Alimpa Philemon chumba chenye vitanda viwili kwa bei ya kimoja, na chai ya asubuhi kwa watu wawili. Philemon alishukuru sana. Alisema sasa mama anatunzwa vizuri kuliko alivyowahi kutunzwa, na katika hilo hakusema uongo.

Mama alichagua kitanda cha dirishani. Kutoka hapo aliona mawingu yakielekea Navakholo. Mvua ilinyesha huko bila kubagua shamba la mtu, na lake likaota magugu mazuri sana.