Mafiga ya Bi Mwatumu

Tangu asubuhi Uweso hakuwa na raha na ule mtaro. Alikuwa dereva wa kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, na siku hiyo alipewa kazi ya kuchimba njia ya maji taka nyuma ya mtaa wa Usagara, karibu na bomba la petroli litokalo bandarini. Nguzo za njano za kuonyesha bomba linapopita zilibaki mbili tu. Nyingine watu walizing'oa wakajengea mabanda ya mbuzi.

"Bosi, tuwasubiri wenye bomba," alimwambia msimamizi wake, Zabron. "Sheria inasema waje kwanza watuonyeshe, na tukilikaribia tuchimbe kwa mikono."

"Tuliwapigia jana, hawajaja. Bomba liko kule, ng'ambo ya mchongoma. Chimba!"

Uweso alimkumbuka dereva aliyemtangulia, alivyofukuzwa kwa kubisha. Akapanda, akawasha.

Adhuhuri haijafika, ndoo ya kijiko ikakwaruza chuma. Akazima mtambo papo hapo. Chini ya udongo kitu kilikuwa kikifoka, na harufu ikampanda puani. Petroli.

Zabron alishatoa simu.

"Usiiguse hapa!" Uweso alimfokea. "Kimbia nayo mpaka barabarani, ndipo uwapigie!"

Petroli ilikwisha kuanza kuteremka na mtaro. Uweso akaifuata kwa macho, kisha akatimua mbio kuiwahi. Kule chini mkazi mmoja wa mtaani, Bi Mwatumu, alikuwa anamwoza bintiye Hafsa. Uani masufuria ya pilau yalikuwa mafigani, kuni zinawaka, na upepo ulikuwa unaelekea huko huko.

Alifika anahema.

"Shikamoo mama, zimeni moto!"

"Marahaba. Umelewa? Wageni wako njiani, nizime moto?"

"Bomba limetoboka, mama. Nimelitoboa mimi."

Bi Mwatumu akanusa. Uso ukamsawijika. Akanyanyua ndoo ya maji ya kuoshea mchele, akaimwaga figani. Wanawake wenzake wakamfuata, maji kwa mchanga, huku Uweso akiwaelekeza wakimbilie upande unakotoka upepo. Hafsa akatolewa ndani, hina mikononi bado mbichi.

Walikuwa wamefika mbali Hafsa alipopiga ukelele.

"Mama, chetezo! Nilikuwa nafukiza nguo, makaa yako chumbani!"

Uweso alirudi peke yake. Harufu ilimchoma macho. Chumbani moshi wa udi ulipanda taratibu, makaa mekundu kama jicho la mgonjwa. Aliyamwagia maji ya ndoo aliyoikuta uani, mengine yakamwagikia kitandani, makaa yakazima. Akayamwagia tena. Alipotoka, petroli ilikuwa imeufikia ukuta wa jiko.

Wenye bomba, waliopigiwa na Zabron, wakaja wakafunga valvu ya kuzuia petroli, wakamwaga povu la kuzuia moto mtaani kote. Mhandisi wao akauliza nani aliyechimba. Zabron akatazama chini.

"Mimi," alisema Uweso. "Aliniamuru, nami nikakubali, na nilijua haifai."

Hafsa aliozwa jioni hiyo Chumbageni, nyumbani kwa shangazi yake, wageni wakala mkate na tende. Uweso alisimama nje ya ua, hakuthubutu kuingia. Bi Mwatumu alimkuta hapo.

"Sijui nikushukuru au nikulaani," alisema.

"Hata mimi sijui, mama."

Akaingia ndani, akamletea chai. Uweso akaipokea, akainywa pale pale nje ya ua.