Keki ya Kumuaga Fundi wa Lifti

Msimamizi wa mafundi, ambaye jengo zima lilimwita Mama Bomba kwa sababu alianzia kwenye mabomba, alisimama nyuma ya ukumbi wa mikutano, mikono kifuani, roho ikimchemka. Mezani palikuwa na keki iliyoandikwa "Kwaheri Fundi". Haikuwa na jina, kwa kuwa meneja aliagiza keki ileile kila fundi alipoondoka, na mafundi walikuwa hawaishi kuondoka.

Leo alikuwa anaagwa fundi wa lifti. Mama Bomba alimpokea akiwa hajui hata kushika bisibisi, akamfundisha mpaka akaiva. Kisha akaenda kwa meneja, tena na tena, kumwombea cheo na kozi ya zile lifti mpya. Kila mara aliambiwa bajeti hairuhusu. Sasa jengo la jirani limemchukua kiulaini.

"Tunampoteza mwanafamilia," alisema meneja, akijitia huzuni. "Lakini Mama Bomba yupo. Atatupikia mwingine."

Watu wakacheka. Mama Bomba hakucheka.

"Nimechoka kupika wengine wakila, bosi," alisema, akisogea mezani. "Kozi hamna, ila keki haijawahi kukosa bajeti."

Fundi wa lifti akainamisha kichwa.

Mama Bomba akakichukua kisu mkononi mwa meneja, akakata kipande kikubwa, akakiweka kwenye sahani yake.

"Afadhali haina jina," alisema. "Hamna haja ya kuagiza nyingine. Na mimi naondoka."