Michi Miwili, Kinu Kimoja

Mimi na wifi yangu Saumu, mjane wa kaka yangu, tumetwanga chikichi za mawese, zikitoka jikoni za moto, uani kwake hapa Ujiji kwa miaka thelathini na mitano. Kinu kimoja, michi miwili. Wake ukipanda, wangu unashuka. Zamu yako unaipata kwa sikio: ukisikia kishindo cha mwenzako, unaingia.

Mwaka huu michi ikaanza kugongana. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya kumi nikamkaripia. "Saumu, una haraka ya kwenda wapi?" Akaomba radhi, akapunguza mwendo. Ikagongana tena, nikamkaripia tena. Mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

Jumatatu mchi wangu ulimponda kidole gumba. Badala ya kumpa pole, nikamwambia mbele ya majirani kuwa kazi imemshinda, na sitwangi naye tena.

Alhamisi uvumilivu ukaniishia, nikaenda. Nikamkuta anatwanga na Yunisi, binti wa jirani, kidole kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mama," Yunisi akasema.

"Marahaba. Endeleeni."

Nikaketi kwenye kigoda karibu na kinu, nimnase Saumu akimkimbiza mwenzake. Hakumkimbiza. Mchi mmoja ulipanda, mwingine ukashuka, taratibu kabisa, wala haikugusana. Lakini mimi nilisikia kishindo kimoja tu. Nikainama zaidi. Macho yaliona mapigo mawili, masikio yakaniletea moja. Ile nafasi ya katikati, niliyokuwa nikipenyezea mchi wangu tangu nikiwa na nguvu zangu, sikuisikia tena.

Niliona aibu hadi uso ukanichoma.

Yunisi alipokwenda kuchochea moto, nikasema, "Wifi, kumbe ni masikio yangu. Nimekusingizia."

"Najua. Tangu mfungo uliopita najua."

"Sasa mbona ulinyamaza mpaka ukaumizwa?"

"Ningesema, ungeacha kuja. Kwani mimi sikujui?"

Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Kisha nikauchukua mchi wa Yunisi, nikakaza macho kwenye mkono wa Saumu. Kila ulipopanda, nikashusha wangu. Tulikwenda polepole mno, chikichi zikaanza kupoa.

Pigo la sita au la saba, michi ikagongana. Saumu akafungua mdomo aombe radhi, kama alivyozoea.

"Nyamaza," nikamwambia. "Ni mimi huyo."