Sahani ya Mwalimu Aneth

Tuseme ukweli: Donatille hakumpenda Mwalimu Aneth, na sababu ilikuwa sahani moja ya ugali. Mwanamke amepikia shule miaka kumi na tisa, hapo hapo kwenye vilima vya Mwese, halafu anakuja binti wa juzi, mwalimu wa afya, na sharti lake: chakula kikiiva, mtu mzima mmoja ale kwanza sahani nzima, watu wasubiri saa moja waone kama hakimdhuru, ndipo watoto wapakuliwe. Saa nzima! Walimu wenzake walicheka, wakamwita Mwalimu Sahani. Donatille hakucheka. Aliwaambia wanawake kisimani kwamba anayeonja chakula cha mwenzake amekwisha kumwita mchawi. Alipoambiwa ale yeye mpishi, alikataa katakata. Basi kila siku akawa anakula Aneth mwenyewe, kwenye kigoda kando ya jiko.

Shule ile wazazi na walezi huleta unga kwa zamu, na Jumatano moja zamu ilimwangukia Donatille, kwa kuwa mjukuu wake Lidia anasoma darasa la kwanza. Mihogo yake ni ile michungu, ambayo hata nyani akiing'ata anaitema, ndiyo maana watu wanaipanda. Lakini ina adabu zake: unaimenya, unaivundika kwenye maji siku tatu hata nne mpaka ilainike na kunuka, ndipo unaianika. Kila binti wa kwao anajua hilo kabla hajajua kusuka nywele. Ila Donatille alikuwa amekwenda msibani Majimoto, kazi akamwachia mkamwana wake, Joséline. Aliporudi alikuta makopa yamekauka, meupe pee. Alifurahi kwamba hataaibika mbele ya wazazi wenzake. Hakuuliza yalilala majini siku ngapi. Akayapeleka mashineni, akachanganya na unga wa mahindi, mambo yakaisha.

Jumatano hiyo saa tano Aneth alikaa na sahani yake. Baada ya matonge mawili alisita, akauliza kwa upole kama ugali wa leo hauna uchungu kidogo. Loh! Unga wa Donatille uitwe mchungu? Alimjibu bila kumtazama kwamba labda ni mdomo wa mwalimu ulioamka vibaya. Aneth ni binti mwenye heshima, hakutaka kumkosea mtu mzima, akainamisha kichwa akaimaliza sahani yote. Laiti Donatille angeonja japo kidogo! Lakini kiburi si maungwana, na siku ile kilikuwa kimemkaa kooni.

Saa sita kasoro watoto walikuwa wamekwisha kupanga foleni, bakuli mikononi, wananung'unika njaa, na wa kwanza kabisa alikuwa Lidia. Donatille naye anasonya, mwiko mkononi, anamtafuta mwalimu kwa macho atoe ruhusa. Aneth alikuwa ameshikilia ukuta wa stoo. Akatapika, magoti yakamlegea, akaanguka.

Donatille alikimbia kwenda kumwinua, akafika katikati ya uwanja, akasimama. Lile swali la uchungu lilikuwa limemrudia. Akageuka jikoni, akakata tonge, akaliweka ulimini. Hakuhitaji kumeza. Alijua papo hapo.

Lidia alikuwa amenyoosha bakuli. Donatille alilipiga likaruka, akashika sufuria moja baada ya nyingine kwa kanga zake, akazipindua chini na ugali wote, akaumwagia majivu ili asije mtu akaokota.

"Asile mtu," alisema. "Ni sumu, na mimi ndiye niliyeileta."

Mwalimu mkuu akampigia simu Malale wa pikipiki. Wakampakia Aneth katikati, Donatille nyuma akimkumbatia, wakateremka ile barabara ya mawe, naye anasali kwa Kirundi cha kwao njia nzima. Zahanatini hakuficha kitu: alimwambia nesi ni mihogo michungu isiyovundikwa vizuri. Nesi akajua la kufanya, akaita gari la kumpeleka hospitali Mpanda. Jioni Joséline alikiri huku analia. Makopa yalilala majini usiku mmoja tu, kwa kuwa zamu ilikuwa imekaribia na hakutaka mama mkwe wake aaibike. Donatille hakumgombeza. Alisema kosa ni la aliyeyakuta yamekauka upesi vile asiulize.

Kesho yake alifika Mpanda. Mlangoni mwa wodi daktari alimwambia kwamba mtu mzima amepona kwa shida, na mtoto wa miaka saba, kwa sahani kama ile, asingefika hospitali. Donatille aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akaeleza yote, hata maneno ya kisimani. Aneth alimsikiliza mpaka mwisho, dripu mkononi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Jana watoto walikula nini?"

"Hawakula kitu, mwanangu. Walirudi kwao na njaa, wote mia tatu na kumi na wawili."

Aneth alifumba macho, machozi yakamtoka.

"Asante, mama," akasema.

Njia nzima kutoka Mwese Donatille alikuwa akipanga maneno ya kumshukuru binti huyu, na sasa binti ndiye aliyeshukuru kwanza. Akaushika ule mkono usio na dripu, akaulalia uso wake, akalia.