Mto Luhemba, Wastani Magotini

Mto Luhemba ulikauka mwezi wa saba, na samaki wake wakabaki wakirukaruka kwenye vigae vya korido ya Euphrasie, ghorofa ya pili, mtaa wa Saint-Gilles, Brussels. Mto wenyewe uko Kivu, Kongo, ambako kaka yake Euphrasie, Patient, alikuwa akilisha watoto wake kwa uvuvi. Lakini ulikuwa unapita Brussels pia, ukiingilia chini ya mlango wa bafu na kutokea jikoni. Mwenye nyumba alipouona alipandisha kodi, kwa sababu nyumba zinazotazama mto ni ghali.

Kule Kivu bwawa jipya la umeme lilikuwa limeanza kuyachukua maji. Kiasi cha kuwaachia samaki kiliamuliwa na ofisi moja ya Brussels, na mtaalamu wake alikuwa Nathaniel, Mtanzania mpole mwenye viatu safi. Alikuja kupimia koridoni; tiketi ya Kivu ilikuwa ghali. Mwezi wa nne maji yalikuwa yamemfika mapajani. Sasa alikuta vigae vikavu. Akajumlisha, akagawanya kwa mbili.

"Wastani ni magotini," alisema. "Samaki wa aina hii maji ya magoti yanawatosha. Makazi yao yako salama."

"Papa Nathaniel, angaria chini. Samaki ziko nakufa."

"Maman Euphrasie, sisi tunaangalia mwaka mzima. Wewe unaangalia leo tu."

"Alors, zipumue na moyenne, ile wastani yako? Bon. Weye unakulaka leo, ao unakulaka mwaka?"

Nathaniel aliruka samaki wawili, akaaga kwa adabu.

Ofisi ilitaka wahusika wote wasikilizwe, hivyo samaki mmoja mwenye sharubu alialikwa kikaoni. Alikaa ndani ya ndoo, amevaa vipokea sauti. Alipopewa nafasi alifungua mdomo na kuufunga, tena na tena, mpaka muda wake ukaisha. Mkalimani alisema hajasikia pingamizi. Wakaenda kula.

Mvua zilipoanza, mto ulirudi koridoni, safi, mtupu. Euphrasie aliinua zulia kama kawaida. Kodi haikushuka.

Samaki walikufa wote, wakubwa kwa wadogo. Patient aliuza nyavu, akaingia mgodini na wanawe wawili. Kati ya hao watatu, amerudi mmoja.